Picha, Taa na Vijiti Mbele ya Mkutano

Sisi walimu tumezoea kusifu picha. Tukiagizwa kuwahutubia wazazi siku ya kufunga shule, twatafuta kwanza ramani, au picha kubwa, au kitu cha kushika mkononi, tukijua ya kuwa masikio huchoka mapema kuliko macho. Mimi pia nilifanya hivyo. Siku moja nilitundika ubaoni picha ya mji wa kale, ili nieleze habari za kuta zake na malango yake, na wanafunzi wakaitazama kwa furaha hata mwisho wa saa. Nilipowauliza walichokiona, karibu wote walinitajia mbwa aliyelala kivulini katika pembe ya picha. Malango hakuna aliyeyakumbuka. Kosa halikuwa la wanafunzi, wala halikuwa la mbwa.

Tangu siku ile nimependa kusoma habari za watu waliosimama mbele ya mikutano migumu kuliko darasa langu, wenye neno zito la kuwaambia watu ambao wengi wao hawakutaka kulisikia, nao wakachukua kitu cha kuwaonyesha. Wako wengi, lakini leo nataka kueleza hasa habari za watatu: Mwingereza mmoja na sanduku lake na merikebu yake ya karatasi, Bibi mmoja na taa yake, na jumbe mmoja wa Kongo ambaye hakuwa na kitu ila vijiti.

Huyo Mwingereza ni Thomas Clarkson, aliyezaliwa mwaka 1760 katika mji mdogo wa Wisbech. Mwaka 1785, alipokuwa katika chuo kikuu cha Cambridge, alishindania tuzo ya insha ya Kilatini. Swali lilikuwa kama ni halali kuwafanya watu watumwa pasipo hiari yao. Akaishinda tuzo, lakini raha ya kushinda hakuipata. Alipokuwa njiani kwenda London alishuka katika farasi, akaketi kando ya njia, akawaza kwamba ikiwa mambo yale aliyoyaandika ni kweli, basi imempasa mtu kuyakomesha. Mwaka 1787 watu kumi na wawili wakafanya kamati huko London ya kuipinga biashara ya watumwa, naye Clarkson, aliyekuwa mmoja wao, akaenda Bristol na Liverpool kukusanya ushuhuda. Kazi ile ilikuwa ya hatari. Huko Liverpool watu kadhaa walijaribu kumsukuma baharini kutoka gatini, naye akaponea chupuchupu.

Katika mji uo huo alipita mbele ya duka moja, akaona dirishani vyombo vya chuma vikiuzwa waziwazi kama vile vijiko na visu: pingu za mikono, pingu za miguu, kibanio cha vidole gumba, na chombo kingine chenye parafujo, kama kile ambacho waganga hutumia kumfungua kinywa mgonjwa ambaye taya zake zimekazana. Akauliza, hiki ni cha kazi gani? Akajibiwa kwamba watumwa wengine hukataa kula ili wafe, na hiki ndicho kinachowafungua midomo. Clarkson akanunua vyombo hivyo, kila kimoja.

Nisomapo habari hii nastaajabu jinsi alivyofahamu upesi. Mtu mwingine angalirudi London na hotuba kali, na wenye merikebu wangalisema kwamba kijana yule anatia chumvi. Clarkson aliweka pingu mezani, na pingu haitii chumvi.

Walakini hakukomea katika pingu. Alijua ya kuwa wasikilizaji wake walikuwa na swali jingine mioyoni, nalo ni hili: tukiiacha biashara hii, tutapata nini Afrika? Basi akawa na sanduku la mbao lenye sehemu mbalimbali ndani. Humo mlikuwa na vipande vya miti mizuri ya Afrika, pembe za ndovu, pilipili, sandarusi, mchele, pamba, na nili. Tena mlikuwa na nguo zilizofumwa na Waafrika kwa mikono yao, na kazi zao za ngozi na za chuma. Alipoonana na Waziri Mkuu William Pitt alimwonyesha vitu hivi, naye Pitt akashangaa kwa uzuri wa kazi. Hapo twaona akili ya msemaji. Pingu zilionyesha uovu wa biashara ile. Nguo na pamba zilionyesha kwamba iko biashara nyingine, na ya kuwa watu wanaouzwa ni mafundi, wala si mizigo. Sanduku lile limehifadhiwa mpaka leo katika nyumba ya makumbusho ya Wisbech.

Sasa nije kwenye merikebu. Mwaka 1788 Serikali ya Uingereza ilimtuma Kapteni Parrey wa jeshi la majini aende Liverpool kupima merikebu zinazochukua watumwa, na moja katika hizo iliitwa Brookes. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria, kwa juhudi ya Bwana William Dolben, ya kupunguza idadi ya watu watakaopakiwa. Kwa sheria hiyo Brookes iliruhusiwa kuchukua watu 454. Vipimo vya kapteni vikawafikia rafiki za Clarkson wa mji wa Plymouth, nao mwanzoni mwa mwaka 1789 wakatoa picha iliyopigwa chapa. Kamati ya London ikaichukua, ikaikuza na kuongeza michoro, ikaitawanya kwa maelfu.

Picha yenyewe ni ramani ya sakafu ya merikebu, kama fundi seremala aonavyo nyumba kutoka juu kabla ya kuezeka. Sitaha ya chini ilikuwa na urefu wa futi 100, na upana wa merikebu ulikuwa futi 25 na inchi 4. Wachoraji walimpa kila mwanamume nafasi ya futi 6 kwa futi 1 na inchi 4. Mwanamke alipewa futi 5 na inchi 10 kwa upana ule ule. Mvulana akapewa futi 5 kwa futi 1 na inchi 2, na msichana futi 4 na nusu kwa futi 1. Kisha wakawalaza watu wadogo weusi wa wino, mmoja kando ya mwenzake, hata karatasi ikajaa. Kutoka sitaha ya chini hata dari palikuwa futi 5 na inchi 8 tu, na katikati ya kimo hicho pakajengwa ubao kama rafu pembeni pote, na juu yake wakalazwa watu wengine, ambao hawakuweza kuketi wima. Msomaji akipenda, na apime inchi 16 sakafuni mwake kwa rula, alale hapo, afikiri juu ya majuma mengi ya bahari.

Jambo ninalotaka walimu walitazame ni hili. Ilikwisha kuthibitishwa mbele ya wakubwa kwamba safari moja, kabla ya sheria, merikebu hiyo ilichukua watu 609. Kamati ingaliweza kuchora 609, nayo isingekuwa imesema uongo. Hawakufanya hivyo. Walichora kadiri ya sheria mpya, yaani hali iliyoitwa njema, kisha wakaandika kwa herufi chini ya picha habari ya wale 609. Mtazamaji akajaza mwenyewe mahali palipobaki. Tena katika picha ile hamna damu, wala kiboko, wala mtu anayelia. Mna vipimo tu, na vipimo vile vilitoka kwa mtumishi wa Serikali. Shahidi mmoja wa upande wa wafanya biashara, Robert Norris, alikuwa amewaambia wakubwa kwamba vyumba vya watumwa hufukizwa ubani na kunyunyiziwa maji ya limau, na ya kuwa watumwa huimba na kucheza. Baada ya karatasi ile kutoka, kila mtu aliyesikia neno la kucheza aliweza kuuliza: wacheze wapi?

Clarkson mwenyewe aliandika baadaye kwamba picha hiyo iliwatia hofu mara moja wote walioiona. Alipokwenda Ufaransa mwaka 1789 aliichukua, naye Mirabeau, msemaji mashuhuri wa Wafaransa, akaagiza mfano wa merikebu hiyo utengenezwe kwa mbao, pamoja na watu wadogo wa mbao ndani yake. Wilberforce naye alipata mfano kama huo, wa kuwaonyesha wenziwe katika Bunge la Uingereza.

Lakini tusidanganyane. Mwezi wa Aprili 1791 Bunge lilipiga kura, na watu 163 wakakataa, 88 wakakubali. Picha ilikuwa imeonwa na kila mtu, na fedha ikashinda. Sheria ya kuikomesha biashara ya watumwa katika merikebu za Waingereza haikupatikana mpaka mwaka 1807, nao watumwa wenyewe katika makoloni wakangoja hata sheria ya 1833. Mtu akisema kwamba karatasi moja ilivunja utumwa, amesahau miaka mingi ya mikutano, na safari za farasi, na maasi ya watumwa wenyewe.

Tena picha ile ilikuwa na upungufu mmoja, ambao watu wachache waliufikiri siku zile. Watu wa wino wote wamefanana. Hakuna mwenye uso, hakuna mwenye jina, hakuna asemaye neno. Mtazamaji aliwahurumia, lakini hakumjua hata mmoja. Upungufu huo ulijazwa mwaka ule ule wa 1789 na Olaudah Equiano, Mwafrika aliyekuwa mtumwa akajikomboa kwa fedha yake, alipotoa kitabu cha maisha yake, kisha akazunguka Uingereza, Uskoti na Ayalandi akikiuza na kusema na watu. Nadhani karatasi ya Brookes na kitabu cha Equiano vilihitajiana. Aliyeiona ya kwanza alijua kiasi cha nafasi, na aliyemsikia wa pili alijua ni nani aliyelazwa katika nafasi ile.

Baada ya karatasi ikaja taa. Taa ya picha ilibuniwa Uholanzi na Christiaan Huygens mwaka 1659 hivi, lakini ilikuwa karne ya 19 ndiyo iliyoieneza pote. Kazi yake ni rahisi kueleza. Ndani ya sanduku la bati huwekwa mwanga mkali. Mbele ya mwanga hupitishwa kioo kilichochorwa picha au kilichopigwa picha kwa kamera, na mbele ya kioo iko lenzi inayoitupa picha juu ya kitambaa cheupe, nayo ikawa kubwa kama nyumba. Kwa kuwa lenzi huipindua picha, mwenye taa hana budi kukiingiza kioo juu chini. Asipofanya hivyo mkutano wote utamwona mfalme amesimama kwa kichwa. Kwa majumba makubwa mwanga ulipatikana kwa kuchoma kipande cha chokaa kwa moto wa oksijeni na haidrojeni.

Taa hiyo ilifika bara la Afrika mapema. Mwezi wa Januari 1854 David Livingstone aliionyesha katika mji wa Shinte, mfalme wa Walunda. Picha ya kwanza ilikuwa Ibrahimu ameinua kisu juu ya Isaka mwanawe. Watu waliitazama vizuri. Lakini Livingstone alipokivuta kioo kando, kisu kikaonekana kinawaendea wanawake, nao wakapiga kelele za kuwaita mama zao, wakakimbia wakiangukiana. Shinte mwenyewe aliketi mpaka mwisho, kisha akakikagua chombo kwa makini. Wapo wanaoisimulia habari hii ili kuwacheka wale waliokimbia. Mimi sioni cha kucheka, maana hata watu wa Ulaya walipotishwa na taa hiyo gizani katika miji yao mikubwa walipiga kelele vilevile. Neno la kuangalia ni desturi ya Livingstone: kila alipoonyesha taa alieleza jinsi inavyofanya kazi, mtu asije akadhani kuna uganga ndani yake.

Miaka hamsini baadaye taa ya namna hiyo ilitumika kwa jambo zito zaidi. Wakati huo nchi ya Kongo ilikuwa chini ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, tangu mwaka 1885, nayo ikiitwa Dola Huru, ingawa uhuru haukuwamo. Makampani yalipewa misitu, na watu wa vijiji wakalazimishwa kuleta mpira wa porini kwa kipimo. Kijiji kilichopungukiwa kilitiwa adabu kwa kiboko, kwa kufungwa wanawake, na kwa bunduki. Na mahali pengi askari walitakiwa kuleta mikono iliyokatwa, iwe ushuhuda kwamba risasi hazikupotea bure.

Huko Baringa alikaa Bibi Alice Harris na mumewe John, wamisionari kutoka Uingereza. Siku ya 14 Mei 1904 alifika kwao mtu aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, amechukua furushi la majani. Alipolifungua mlikuwa na mkono mdogo na mguu mdogo. Ndivyo vilivyobaki kwa binti yake Boali, mwenye umri wa miaka mitano hivi, aliyeuawa na walinzi wa kampani ya ABIR. Mkewe pia waliuawa pamoja. Bibi Harris alimwomba Nsala aketi barazani, akavilaza vile viungo mbele yake, akampiga picha. Katika picha ile Nsala hatutazami sisi. Ameketi kimya, amegeuza uso, anavitazama vilivyo sakafuni.

Mwaka uo huo E. D. Morel alianzisha chama cha kutaka mambo ya Kongo yatengenezwe. Akina Harris waliporudi Uingereza wakashika njia, wakaenda mji kwa mji na taa yao, na kuvuka hata Marekani, wakihutubia mamia ya mikutano. Vilitengenezwa vioo 60 pamoja na hotuba ya kusomwa kando yake, ili na wasemaji wengine wavitumie. Mark Twain, mwandishi wa Marekani, katika kijitabu chake cha mwaka 1905 alimfanya Leopold anung'unike kwamba katika mashahidi wote ni kamera peke yake iliyomshinda kuihonga.

Ni mzaha mzuri, lakini nadhani si kweli yote. Kamera haina kinywa. Mkono mmoja mdogo katika kioo, ukionyeshwa na mtu asiyefika Kongo, ungaliweza kukanushwa: labda ni ugonjwa, labda ni mnyama wa porini, na kwa kweli watetezi wa mfalme walisema maneno ya namna hiyo. Lakini aliyekuwa amesimama kando ya kitambaa alikuwa Bibi yule yule aliyelipokea furushi barazani kwake. Aliweza kutaja siku, na kijiji, na jina la baba, na jina la mtoto. Mtu akimwuliza swali gizani, alijibu. Leo picha ya Nsala huchapwa mara nyingi pasipo jina lake, na kila niionapo hivyo naona kama imerudi kuwa watu wa wino wa Brookes.

Hata hivyo, aliyewashinda wote kwa kuonyesha hakuwa na kioo wala karatasi, naye alifanya kazi yake kabla akina Harris hawajawasha taa yao katika miji ya Ulaya. Lawama zilipozidi, Leopold alituma tume ya waamuzi watatu kwenda Kongo, nayo ikafika Baringa mwishoni mwa mwaka 1904. Bila shaka mfalme alitumaini kwamba itamsafisha. Akaja mbele yao Lontulu, jumbe wa Bolima, mtu aliyekwisha kupigwa kiboko, na kushikwa mateka, na kufanyishwa kazi katika minyororo.

Tufikiri hali yake. Mbele yake wameketi wageni wenye kalamu, na maneno yake ya Kimongo lazima yapite katika kinywa cha mkalimani kabla ya kuwafikia. Ushuhuda wa mdomo katika hali hiyo hupoa njiani kama uji. Mtu akisema “wengi waliuawa”, mwandishi huandika “wengi”, na yamekwisha.

Lontulu aliweka mezani vijiti 110. Kila kijiti kilikuwa mtu mmoja wa kwao aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Akavigawa mafungu manne: wakubwa wa ukoo, wanaume, wanawake, na watoto. Kisha akashika kijiti kimoja kimoja, na kwa kila kimoja akataja jina la aliyekufa.

Hesabu ilikuwa imelala mezani, na mwamuzi yeyote angaliweza kuihesabu tena kwa kidole, pasipo mkalimani. Majina yalikwenda pamoja na hesabu, hata hakuna kijiti kilichobaki kuwa kijiti tu. Tena hakuinua vyote kwa pamoja. Aliwapa wasikilizaji kimoja, akangoja, akawapa kingine, na wao hawakuweza kuondoka kabla ya cha mwisho.

Ripoti ya tume ilitoka mwezi wa Novemba 1905, nayo ikakiri maovu mengi, jambo ambalo mfalme hakulitazamia. Maneno ya mashahidi hayakuchapwa pamoja nayo. Yalifungiwa katika nyumba ya nyaraka huko Brussels, na kwa miaka mingi watu hawakuruhusiwa kuyasoma. Habari ya vijiti ilijulikana kwa kuwa John Harris alikuwapo Baringa, naye akaiandika. Mwaka 1908 Kongo iliondolewa mkononi mwa Leopold, ikawa koloni ya Ubelgiji, na akina Harris na rafiki zao wakaendelea kuzunguka na vioo vyao, wakisema kwamba kubadili bendera peke yake hakutoshi, hata mwaka 1913 chama chao kilipofungwa.